Ufunguo Ninao Mimi: mbinu za kujiandikia baada ya ukatili wa kingono

Sikiliza maneno tunayotumia mitaani tunapozungumzia ubakaji. Msichana "ameharibiwa". Mama "amevunjiwa heshima". Mtoto "amechafuliwa", au "amefanyiwa kitendo kibaya". Maneno yote hayo yanamtazama aliyetendewa, na yote yanamwachia doa. Aliyetenda hayumo. Ndiyo maana wengi hunyamaza: hata lugha waliyolelewa nayo imeshawahukumu kabla hawajafungua mdomo.

Nakuandikia wewe uliyepitia jambo hili, uwe dada, mama, kaka, au mzee uliyebeba siri tangu utotoni. Nataka kukuonyesha jinsi daftari na kalamu vinavyoweza kukusaidia kuliweka jambo lile mahali pake: lawama iende kwa aliyetenda, tukio lirudi kwenye siku lilipotokea, na habari yenyewe iwe mali yako, uigawe au uifiche upendavyo. Kuandika hakufuti kitu. Wahenga walishasema, mtenda husahau, mtendewa hasahau. Lakini kumbukumbu unayoishika wewe si sawa na kumbukumbu inayokushika koo.

Kama limetokea siku hizi

Weka makala hii pembeni, nenda hospitali kwanza. Dawa za kujikinga na VVU baada ya tukio, maarufu kama PEP, zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, navyo hupungua nguvu kadiri unavyochelewa. Ukiweza, usioge kwanza. Nguo ulizokuwa umevaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki zitapata unyevu na ushahidi utaharibika. Kama umeshaoga na umeshafua, nenda hivyo hivyo.

Kwa Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo utakapopewa fomu ya PF3. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, mshauri na polisi hukutana mahali pamoja. Kenya fomu ya polisi ni P3, na namba 1195 hupigwa bure kwa masuala ya ukatili wa kijinsia. Kwa mtoto, namba 116 inafanya kazi nchi zote mbili.

Ukikusudia kushtaki, andika mapema maelezo ya kesi: siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alikuona kabla na baada. Andika unachokumbuka, na usichokumbuka usikijaze kwa kubahatisha. Karatasi hiyo ihifadhiwe peke yake. Daftari ninalokwenda kulizungumzia ni kitu kingine kabisa. Karatasi ile ni ya mahakama, daftari hili ni la moyo wako, na havifai kuchanganywa.

Kuandika kunasaidiaje?

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti mdogo uliokuja kusomwa sana. Waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu, wengine yaliyowahi kuwaumiza. Walioandika maumivu, pamoja na hisia zake, walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi kuliko wenzao. Lakini katika miezi iliyofuata, wao ndio waliokwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi.

Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na zimetufundisha kiasi. Faida ipo, ila kwa wengi si kubwa sana, na si kila mtu huipata. Huzuni ya baada ya kuandika ni ya kawaida, na mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Pennebaker alipohesabu maneno ya walionufaika, aliona kwamba siku baada ya siku waliongeza maneno ya kutafuta maana: kwa sababu, natambua, sasa naelewa. Aliyerudia tukio lile lile kwa maneno yale yale hakusogea sana. Kwa hiyo lengo letu si kutapika uchungu kila usiku. Tunataka kuusogeza, japo kwa hatua moja.

Kalamu pia ni nguzo moja tu ya nyumba. Pale Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, aliyoianzisha mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, manusura hutibiwa mwili, husikilizwa na washauri, husaidiwa kisheria na huwezeshwa kujitafutia riziki. Ukipata mshauri nasaha, mpate. Daftari litakuwa mwenzake, si mbadala wake.

Andaa mahali na muda

Nunua daftari la kawaida, lile la kurasa 48 la mwanafunzi. Halimshtui mtu likionekana. Kama unalala chumba kimoja na wengine, fikiria kwanza litakaa wapi: kwa rafiki unayemwamini, kwenye droo ya kazini yenye kufuli, chini ya nguo ambazo hakuna mwingine anayezikunja. Ikiwa aliyekudhuru bado mko nyumba moja, usiache maandishi humo ndani. Andika kwenye karatasi, maliza, chana, tia jikoni iungue. Kilichokusaidia ni kuandika. Karatasi yenyewe si lazima ibaki. Ukitumia simu, kumbuka kwamba simu nyingi hujinakili zenyewe mtandaoni na huweza kufunguliwa na yeyote anayejua namba yako ya siri.

Usianze na undani wa tukio katika wiki za mwanzo, kidonda kikiwa bado kibichi. Wiki hizo ni za kulala, kula, kutibiwa na kukaa na watu wema. Muda wako ukifika, chagua saa ambayo baada yake una jambo la kufanya: kuchota maji, kusuka, kumpikia mtu, kwenda kuswali au ibadani. Usiandike kitandani, wala usiandike ukiwa unajiandaa kulala. Dakika 15 zatosha. Tega simu ikukumbushe; ikilia, weka kalamu chini hata kama sentensi haijaisha. Sentensi itakungoja.

Kabla ya kuanza, jifunze njia ya kurudi. Kumbukumbu ikikuvamia, mwili hudhani jambo linatokea sasa hivi. Weka nyayo zote mbili sakafuni uhisi ubaridi wa saruji. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: ndoo, pazia, kalenda, kiatu, kikombe. Nawa uso kwa maji baridi. Sema tarehe ya leo na mahali ulipo. Fanya mazoezi ya njia hii mara mbili tatu ukiwa mtulivu, ili siku ya wimbi mwili uwe unaijua.

Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: ukiona jambo fulani litakuzidi nguvu, usiliandike leo. Andika kitu kingine. Wewe ndiwe mwenye kalamu.

Zoezi la kwanza: kamba, mawe na maua

Zoezi hili halihitaji hata kujua kuandika. Limetoka kwenye tiba ya kusimulia maisha, iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na kujaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya nchini Uganda. Kule Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwa washauri, wakawasaidia wenzao kutoka Rwanda na Somalia.

Chukua kamba, iweke sakafuni. Ncha moja ni siku uliyozaliwa. Nyingine iache imekunjwa, ni siku zijazo. Kisha pita juu ya kamba ukiweka ua kwa kila jema na jiwe kwa kila zito: ua la bibi aliyekubeba mgongoni, ua la siku ya matokeo, jiwe la msiba, jiwe la tukio lile. Usilisimulie jiwe hilo peke yako. Kulisimulia kwa undani ni kazi ya kufanya mbele ya mshauri. Liweke tu, uendelee. Halafu simama uitazame kamba nzima. Jiwe lipo, nawe unaliona. Lakini lina mahali pake, kabla yake kuna kamba, na baada yake kuna kamba. Chora picha hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Zoezi la pili: rudisha "a" mahali pake

Hili ni zoezi la Waswahili, kwa kuwa sarufi yetu inatupa kifaa ambacho si kila lugha inacho. Tuseme umeandika hivi:

*Nilibakwa nilipokwenda likizo kwa mjomba.*

Itazame sentensi hiyo polepole. Imeanza na "ni". Wewe ndiwe uliyesimama mbele, na tendo limekuangukia kama mvua, bila mwenyewe. Kisha inakuja "nilipokwenda", na ghafla safari yako ndiyo imekuwa chanzo. Hukusema uongo hata neno moja, lakini sentensi imekulaumu. Iandike upya:

*Mjomba alinibaka. Nilikuwa nimekwenda kwake likizo, kama watoto wote wanavyokwenda kwa mjomba.*

Herufi "a" imerudi mbele, na tendo limepata mwenyewe. "Ni" yako imesogea nyuma ya wakati, mahali pa mtu aliyetendewa. Safari imerudi kuwa safari ya mtoto. Chukua sentensi zako moja moja uzifanyie hivyo. "Nilidanganywa" iwe "alinidanganya". "Nilinyamazishwa" iwe "walininyamazisha". Kama kuandika jina lake kunakuogopesha, andika "yeye", au chora msalaba. Kisha andika sentensi ambazo "ni" inastahili kukaa mbele: *Nilipiga kelele. Niliganda, kwa sababu mwili uliogopa na wakati mwingine mwili wenye hofu huganda. Nilifika nyumbani. Nilivuka mwaka ule.*

Angalia pia nyakati. Wengi huandika tukio kwa "na": ananishika, anafunga mlango. Ndivyo kumbukumbu inavyokuja, kama jambo la sasa. Iandike hivyo mara moja ikibidi, kisha siku nyingine uirudie kwa "li": alinishika, alifunga mlango. Unaliambia jambo kwamba limepita.

Na ukifika kwenye "kwa sababu", kuwa macho. Ukijikuta unaandika *kwa sababu nilivaa*, *kwa sababu nilikunywa*, *kwa sababu sikupiga kelele*, simama. Nguo hazibaki mtu. Jibu la "kwa nini" ni moja: alibaka kwa sababu aliamua kubaka. Liandike hilo mara nyingi utakavyo.

Zoezi la tatu: buni kanga yako

Tangu zamani mwanamke wa pwani amejua kusema bila kufungua mdomo. Hujifunga kanga, akapita mbele ya mlango wa anayehusika, na jina la kanga likafikisha ujumbe. Hakuna aliyemtaja, na kila mtu amesikia.

Chora mstatili kwenye daftari. Weka pindo pande zote nne, weka mji katikati: uwe korosho, jua, samaki, chochote ukipendacho. Chini, kwenye kisanduku, andika jina kwa herufi kubwa. Maneno yasizidi sita au saba. Buni kanga tatu: moja ya kumpitishia aliyekudhuru, moja ya walimwengu waliosema vibaya, na moja ya kujifunga mwenyewe ndani ya nyumba yako. Kwa mfano:

MZIGO SI WANGU NIMEUTUA

ULIZENI ALIYETENDA

NILIKUWEPO NA BADO NIPO

Ufupi wa kanga ni rehema. Siku ambayo huna nguvu ya kujaza ukurasa, maneno manne yanatosha.

Zoezi la nne: barua isiyotumwa

Andika barua kwa yule mtoto au msichana uliyekuwa siku ile. Mwite kwa jina alilokuwa akiitwa nyumbani. Mweleze kilichotokea kwa maneno ambayo mtu mzima mwema angemwambia mtoto: kwamba halikuwa kosa lake, kwamba alifanya alichoweza, kwamba kuna siku atacheka tena. Kuandika wosia kwa binti ni jadi ya kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Yeye alimwandikia mwanawe. Wewe jiandikie uliyekuwa, kwa upendo ule ule.

Barua nyingine unaweza kumwandikia aliyekudhuru, au mama ambaye hakukuamini. Hizi zina moto. Zitukane, zilie, zidai. Usizitume, hasa siku ile ile; zisome baada ya wiki moja, kisha uamue zichanwe au zibaki. Na kama neno msamaha halimo, usilitie kwa kulazimishwa na mtu. Kupona kwako hakungojei msamaha.

Zoezi la tano: shairi lenye kuta

Baadhi ya mambo ni mazito mno kwa nathari. Shairi la vina na mizani lina kuta, na kuta hushikilia. Ukihesabu mizani nane na nane, nusu ya akili iko kwenye hesabu, na nusu nyingine hupata kusema bila kuzama. Anza na kibwagizo peke yake, ule mstari utakaorudi mwisho wa kila ubeti. Kwa mfano:

*Mlango yeye kafunga, ufunguo ninao mi.*

Kumbukumbu mbaya hurudi bila kubisha hodi. Kibwagizo nacho hurudi, lakini hurudi kwa kuitwa na wewe, mahali ulipopanga, kwa maneno uliyoyachagua. Ndiyo maana shairi hufaa kwa jambo linalojirudia kichwani. Halihitaji kuwa zuri. Vina vikikataa, acha vikatae.

Dalili za kuweka kalamu chini

Uchungu wa saa moja mbili baada ya kuandika ni wa kawaida. Lakini ukiona siku zinapita hulali, huli, unajikata au unatamani kufa. Ukiona kila ukiandika unazidi kuzama. Ukiona unahitaji pombe ili uweze kuandika. Acha zoezi, na usikae peke yako. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno haya mafupi: "Sina usalama na nafsi yangu, kaa na mimi." Kisha nendeni pamoja hospitali, kwa ustawi wa jamii au kwa mshauri. Hujashindwa kuandika. Umetambua kwamba mzigo huu unahitaji watu wawili.

Kusomewa na kusoma

Si lazima mtu yeyote asome. Ukitamani kusikika, chagua msikilizaji mmoja na umpe masharti kabla: "Nataka usikilize tu, usiulize kwa nini, usimwambie mtu." Anayeyakubali bila kubishana anafaa. Soma kanga au ubeti kwanza, uone moyo wako unasemaje kesho yake.

Na wewe unayesomewa, mwenzi, mama, mwalimu au shehe, kazi yako ni nyepesi na ni ngumu. Usisahihishe tahajia. Usiulize alivaa nini. Sema "nakuamini", "halikuwa kosa lako", kisha uliza "ungependa nifanye nini?" Usilipeleke jambo kwenye kikao cha ukoo bila idhini yake. Ila kama ni mtoto, usimwahidi kutunza siri: mwambie kwamba utatafuta msaada, kisha utafute.

Suala la kuchapisha lisikuharakishe. Maya Angelou, mwandishi wa Marekani, alibakwa akiwa mtoto, akakaa karibu miaka mitano bila kusema ila na kaka yake. Bibi mmoja jirani alimpa vitabu na kumtaka asome mashairi kwa sauti, na sauti ikarudi. Kitabu chake cha kusimulia hayo kilitoka mwaka 1969, zaidi ya miaka thelathini baada ya tukio. Chanel Miller, manusura mwingine, alisoma maelezo yake mahakamani California mwaka 2016 kwa jina la bandia, na dunia ikayasoma bila kumjua. Mwaka 2019 alitoa kitabu, akaweka jina lake la kweli, kwa kuwa alikuwa tayari. Wote wawili walichagua saa yao. Wapo pia waliochagua kuchoma daftari, nao wamepona vilevile.

Anza leo, na kidogo

Usiandike tukio leo. Fungua ukurasa wa pili, ule wa kwanza uachie kamba yako. Andika tarehe. Andika mahali ulipokaa. Andika vitu vitano unavyoviona hapo ulipo, kama ulivyofanya mazoezi: ndoo, pazia, kalenda, kiatu, kikombe. Chini yake andika neno moja, *Nipo*. Funga daftari, liweke mahali pake, kisha nenda kaendelee na shughuli zako.